Kipima Valvu cha Zamani Kinachosoma Vibaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu vipima valvu vya aina gani?

Yanahusu vipima valvu, yaani vifaa vya kupima valvu za kielektroniki za redio na vikuza sauti vya zamani, vya Kimarekani vilivyojengwa kwa mzunguko wa kampuni ya Hickok Electrical Instrument ya Cleveland, Ohio. Humo zimo modeli za 600A, 800 na 539, pamoja na TV-7, ambayo jeshi la Marekani lilitumia kwa miaka mingi na ambayo ilitengenezwa na viwanda kadhaa kwa mikataba ya kijeshi. Anayemiliki kipima valvu cha Kiingereza cha AVO atafaidika na yale yanayohusu mita, swichi, soketi na rezista zilizozeeka, lakini asifuate sehemu zinazozungumzia daraja na rektifaya ya 83 (sehemu za mzunguko wa Hickok zinazoelezwa hapa chini), kwa kuwa AVO hupima kwa njia nyingine.

Mshale wa mita unapima nini hasa?

Unapima transkondaktansi, yaani kiasi ambacho mkondo wa anodi hubadilika kwa kila volti moja inayobadilika kwenye gridi, sehemu ya valvu inayodhibiti mkondo huo. Mita nyingi za Kimarekani huionyesha kwa maikromho, na maikromho 1,000 ni sawa na miliampea 1 kwa volti.

Inafaa kuelewa jinsi kipimo hiki kinavyopatikana, maana hitilafu nyingi hujieleza zenyewe mara tu mzunguko unapoeleweka. Rektifaya (kigeuza AC kuwa DC) ya mvuke wa zebaki ya aina ya 83 huipelekea anodi ya valvu inayopimwa umeme wa DC usiochujwa, unaofika kwa mapigo. Nusu ya kwanza ya wimbi hupitia anodi moja ya 83 na nusu ya pili hupitia anodi yake nyingine. Mikondo ya nusu hizo hurudi kupitia mikono miwili ya daraja, yaani rezista mbili zinazolingana, na mita imefungwa katikati ya mikono hiyo, kiasi kwamba nusu moja husukuma mshale kulia na nyingine huusukuma kushoto. Gridi ikiwa na bayasi ya DC (volteji hasi isiyobadilika) peke yake, nusu zote mbili hulingana na mshale hubaki sifuri, hata kama valvu inapitisha miliampea nyingi.

Kisha kipima valvu huongeza kwenye gridi volteji ndogo ya AC (ishara ya gridi) kutoka kwenye transfoma ileile. Kwa kuwa inakwenda sambamba na mapigo ya anodi, katika nusu moja gridi hupungua uhasi na mkondo hupanda, na katika nusu inayofuata gridi huzidi uhasi na mkondo hushuka. Mita huonyesha tofauti ya mikondo hiyo miwili. Ubunifu huu, ambao jina la Job Barnhart wa Hickok huhusishwa nao, ni wa busara kubwa kwa zama zake, lakini una sharti moja zito: mshale ni kitu cha mwisho katika mnyororo mrefu, na kila kiungo kilichotangulia, kuanzia umeme wa ukutani, transfoma, rektifaya, bayasi, ishara ya gridi, rezista za daraja hadi shanti (rezista iliyofungwa sambamba na mita), huacha alama yake juu ya mshale huo. Kwa sababu hiyo mita yenyewe haifai kushukiwa kwanza, ingawa ndiyo inayolaumiwa na karibu kila mtu.

Nianze wapi kabla sijafungua boksi?

Anza kwa kukusanya ushahidi kwa nje. Chukua valvu kadhaa za aina tofauti ambazo unajua hali yake kwa njia nyingine, kwa mfano 6SN7, 12AU7 na 6L6, uzipime zote, kisha uandike matokeo kwenye karatasi. Unachotafuta ni mpangilio wa makosa. Zote zikisoma chini kwa uwiano ule ule, tatizo liko mahali ambapo valvu zote hupita: marekebisho ya umeme, ishara ya gridi, au mita. Zikikosea katika masafa mamoja tu ya mita, tazama rezista na swichi ya masafa hayo. Ikiwa valvu za gridi yenye bayasi ndogo zinakosea na zile za bayasi kubwa ziko sawa, potenshomita (rezista ya kuzungusha) ya bayasi inahitaji kuchunguzwa. Ikiwa soketi moja tu ndiyo inayosumbua, huna haja ya kufungua kitu kingine.

Kisha, ukiwa bado hujafungua, zungusha kila swichi kutoka mwanzo hadi mwisho mara nyingi huku kifaa kimezimwa. Vifaa hivi vimekaa stoo kwa miongo, na kutu nyembamba kwenye miguso ya swichi inatosha kuharibu kipimo. Ukiona matokeo yamebadilika baada ya zoezi hilo, umeshapata nusu ya jibu.

Je, ni hatari kufungua kifaa hiki?

Ndiyo, na inabidi kusemwa waziwazi. Transfoma hutoa zaidi ya volti 300 kati ya ncha za koili inayolisha 83, na soketi za juu ya paneli huwa na volteji ya anodi wakati kitufe cha kupimia kimebonyezwa. Chomoa waya wa umeme kabla ya kugusa chochote ndani. Unapolazimika kupima kikiwa kimewashwa, funga klipu za mita yako kwanza kikiwa kimezimwa, kisha washa na usome bila kugusa. Valvu ya 83 ina zebaki halisi: ikivunjika fungua madirisha, okota matone kwa karatasi ngumu, na usitumie mashine ya kufyonza vumbi kwa sababu itatawanya mvuke chumbani.

Valvu zote zinasoma juu, au zote zinasoma chini, kwa uwiano mmoja. Tatizo ni nini?

Shuku kwanza marekebisho ya umeme, yale yanayofanywa kwa kubonyeza kitufe cha kupima laini (umeme unaoingia kutoka ukutani) na kuzungusha kitasa mpaka mshale ukae juu ya alama yake. Katika TV-7 na nyingi za aina yake, kitasa hicho ni reostati iliyofungwa mfululizo na koili ya kwanza ya transfoma, na mita hupokea sehemu ya volteji ya AC kupitia rektifaya ndogo na rezista. Rektifaya hiyo kwa kawaida ni ya oksidi ya shaba au ya seleni, na vyote viwili huzeeka kwa kuongeza ukinzani wake. Rezista za kaboni nazo, kwa unyevu na joto la miaka mingi, hupanda thamani.

Tazama matokeo yake. Ukinzani ukipanda, mita huonyesha kwamba umeme ni mdogo kuliko ulivyo. Mtumiaji hutii mshale, huongeza kitasa mpaka alama ifikiwe, na bila kujua amekwisha kupandisha volteji zote za ndani: filamenti, anodi, skrini (gridi ya pili) na ishara ya gridi. Kosa la asilimia 5 kwenye transfoma mara nyingi huzidi asilimia 5 kwenye mshale, kwa sababu ishara ya gridi imekua kwa kiasi hicho na valvu yenyewe inafanya kazi katika hali tofauti na ile iliyokusudiwa. Baya zaidi ni kwamba filamenti za valvu zako, pamoja na zile adimu, zinachomwa kupita kiasi kila zinapopimwa.

Uthibitisho wake ni rahisi. Weka valvu inayotumia mkondo wa kutosha, kwa mfano 6L6 ambayo filamenti yake huchukua ampea 0.9 kwa volti 6.3, rekebisha laini hadi kwenye alama, kisha pima AC kwenye pini za filamenti. Inapaswa kuwa karibu sana na volti 6.3. Pima pia filamenti ya 83, ambayo huhitaji volti 5. Usipime filamenti bila valvu kwenye soketi, kwa sababu koili isiyo na mzigo huonyesha volteji ya juu kuliko ile ya kazini. Katika modeli za 539 iko mita ya pekee ya laini, na koili ya kwanza ya transfoma imekusudiwa kufanya kazi kwa volti 93, kwa hiyo unaweza kulinganisha moja kwa moja na mita ya kisasa.

Ukikuta alama ya laini inadanganya, badilisha rezista ya mzunguko huo kwa mpya ya filamu ya chuma. Rektifaya ikiwa ndiyo yenye kosa na ukaibadilisha kwa daiodi ya kisasa, lazima utafute upya thamani ya rezista, maana daiodi mpya haishushi volteji sawa na ya zamani.

Mbona nikipima valvu nyingine mshale wa laini unahama, ilhali sijagusa kitasa?

Hiyo ni kawaida. Kila valvu huvuta mzigo wake, na reostati iliyo mfululizo na transfoma hufanya volteji ishuke kadiri mzigo unavyoongezeka. Rekebisha laini kwa kila valvu, baada ya filamenti kupata joto. Mtu anayerekebisha mara moja asubuhi na kupima siku nzima atapata namba zisizolingana hata kama kifaa ni kizima kabisa.

Umeme wetu ni volti 230 au 240. Je, unaweza kuwa chanzo cha makosa?

Unaweza. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya volti 240, zote kwa hezi 50, ilhali kifaa kinatarajia takribani volti 115. Transfoma ya kushusha ni ya lazima, na iwe na uwezo wa kutosha. Ile ndogo huyumba mara tu unapobonyeza kitufe cha kupimia, na mshale huyumba nayo. Angalia pia maandishi kwenye bamba la kifaa. Transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee, ikiendeshwa kwa hezi 50 kwa volteji ile ile, hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20, hupata moto, na wimbi lake huweza kupotoka. Kwa kifaa cha namna hiyo pima kwa muda mfupi na uguse transfoma mara kwa mara kujua joto lake.

Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka ndani ya dakika, weka stabilaiza kabla ya transfoma ya kushusha, lakini chagua ile ambayo haibadilishi ngazi kwa kuruka katikati ya kipimo.

Mshale haukai sifuri. Nifanye nini?

Tofautisha hali mbili. Ikiwa mshale hauko sifuri wakati kifaa kimezimwa, tatizo ni la kimakanika: zungusha taratibu skrubu ndogo iliyo usoni mwa mita, kifaa kikiwa kimelazwa katika mkao wake wa kazi. Baadaye kiinue wima, kisha kiegemeze kushoto na kulia. Mshale ukihama sana katika kila mkao, uzani wake umepotea na mita inahitaji fundi wa mita.

Ikiwa mshale uko sifuri kifaa kikiwa kimezimwa, lakini unahama unapobonyeza kitufe cha kupimia hata pale ambapo gridi haina ishara ya AC, basi daraja halina mizani. Fundi anaweza kuhakikisha hili kwa kuutenganisha waya wa koili ya ishara na kuiunganisha gridi moja kwa moja na bayasi, bila kuishotisha koili hiyo. Mizani ikiwa nzuri, mshale utabaki sifuri au karibu sana nayo. Ukihama, sababu za kwanza ni mbili. Ya kwanza ni 83 ambayo nusu zake hazilingani. Ibadilishe kwa nyingine na utazame. Ya pili ni rezista mbili za mikono ya daraja, ambazo hazipaswi tu kuwa na thamani sahihi bali pia zilingane zenyewe kwa zenyewe. Tofauti ndogo kati yake huongezwa na mkondo mzima wa anodi, na ndiyo sababu kosa hili huonekana zaidi kwa valvu za nguvu kama 6L6 kuliko kwa 12AX7, ambayo mkondo wake ni mdogo.

Nitajuaje kama mita yenyewe ndiyo mbovu?

Ipime ikiwa peke yake. Kwanza, onyo: usiguse kamwe ncha za mita hiyo kwa omita, hasa omita ya mshale katika masafa ya chini, kwa sababu hupeleka mkondo unaoweza kukunja mshale au kuunguza koili. Pia usiamini kwamba mita ni nzima kwa kuwa tu mshale wake unasogea.

Tenganisha waya mmoja wa mita. Funga mfululizo betri, potenshomita kubwa, mita ya dijitali ikiwa katika masafa ya maikroampea, na mita unayoipima. Anza na ukinzani mkubwa kabisa, kwa mfano kilo-omu 100 na betri ya volti 1.5, ambayo inatoa maikroampea 15 tu, halafu upunguze taratibu. Andika mkondo unaohitajika kufikisha mshale robo, nusu, robo tatu na mwisho wa uso. Mita nzuri huhitaji mkondo unaoongezeka kwa hatua sawa.

Matokeo yasomwe hivi. Mita inayohitaji mkondo zaidi kila mahali kwa uwiano mmoja ina sumaku iliyodhoofika. Kosa hili ni la nadra kuliko watu wanavyodhani, na likiwa dogo linaweza kufidiwa katika shanti. Mita inayokosea mahali fulani tu ina springi iliyogusana, koili inayogusa kitu au chembe ya chuma ndani ya nafasi ya sumaku. Mita inayobadilisha usomaji unapoigonga kidogo kwa kidole ina msuguano kwenye ekseli. Hitilafu hizi mbili za mwisho hazitibiwi kwa mafuta. Tone moja la mafuta kwenye ekseli ya mita huvuta vumbi na kuigandisha kabisa, na nimeona mita nzuri zikipotea kwa huruma ya namna hiyo.

Ukinzani wa ndani wa mita hupatikana kwa njia ya nusu: fikisha mshale mwisho wa uso kwa kutumia volteji ya juu kidogo na rezista kubwa, kwa mfano volti 9 na takribani omu 9,000 kwa mita ya miliampea 1, kisha funga potenshomita nyingine sambamba na mita mpaka mshale urudi nusu kamili. Ukinzani wa potenshomita hiyo ya pili ni karibu sawa na ule wa mita. Namba hii ina umuhimu mkubwa unapotafuta mita ya kubadilishia. Kwa kuwa mita imefungwa sambamba na shanti, haitoshi mpya iwe na mkondo sawa wa mwisho wa uso; ukinzani wake nao lazima ulingane. Ukiwa mdogo, ongeza rezista mfululizo nayo. Ukiwa mkubwa, mita hiyo haifai bila kubadilisha shanti zote.

Mshale unakwama au unavutwa na kidole changu. Hii ni hitilafu ya umeme?

Mara nyingi ni umeme tuli juu ya kifuniko cha plastiki, hasa baada ya kukifuta kwa kitambaa kikavu. Pumulia kifuniko hicho pumzi ya joto na utazame. Mshale ukilegea, sababu imejulikana. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji yenye tone la sabuni ya vyombo na uache kikauke chenyewe.

Je, nibadilishe valvu ya 83 kwa daiodi za silikoni?

Swali hili limegawa mafundi kwa muda mrefu, na maoni yangu ni kwamba 83 nzima ibaki mahali pake. Mvuke wa zebaki hushusha takribani volti 15, na kiasi hicho hakibadiliki sana mzigo unapobadilika. Hiyo ndiyo sababu wabunifu waliichagua. Daiodi ya silikoni hushusha chini ya volti 1. Ukiiweka bila fidia, anodi ya valvu inayopimwa, ambayo kwa kawaida hupata takribani volti 150, itapata volti 14 hivi za ziada. Isitoshe, filamenti ya 83 hutumia volti 5 kwa ampea 3, yaani wati 15. Ukiiondoa, transfoma inapumua na volteji nyingine nazo hupanda, ingawa sehemu hii hurekebishwa unapoweka laini upya.

Vipo vibadala vya silikoni vilivyowekewa daiodi ya zena au rezista ili kuiga ushukaji wa 83, na vilivyotengenezwa vizuri vinafaa. Hata hivyo kifaa kikishabadilishwa ni lazima kipimwe upya chote. Ukinunua kipima valvu cha mtumba, angalia kwanza kwenye soketi hiyo, kwa sababu wauzaji wengi huweka kibadala bila kusema, na hapo ndipo huanza malalamiko ya valvu zote kusoma juu.

Kuhusu 83 ya kweli, kumbuka kwamba baada ya safari zebaki huwa imetapakaa ndani ya kioo. Acha kifaa kimewaka kwa dakika kadhaa, filamenti ikiwa na moto, kabla ya kubonyeza kitufe cha kupimia kwa mara ya kwanza. Mwanga wa buluu unaoonekana ndani wakati wa kipimo ni wa kawaida.

Namba zangu za DC hazilingani na za kitabu cha ufundi, ingawa mita yangu ya dijitali ni mpya na ghali. Kwa nini?

Kwa sababu volteji hizi hazijachujwa, na namba za kitabu zilipatikana kwa mita za mshale ambazo huonyesha wastani wa mapigo. Kwa mapigo ya nusu zote mbili, thamani ya RMS (ile inayolingana na DC yenye kutoa joto lile lile) huzidi wastani kwa asilimia 11, na kilele huuzidi kwa asilimia 57. Anodi yenye wastani wa volti 150 ina RMS ya takribani volti 167 na kilele cha takribani volti 236. Mita ya dijitali iliyowekwa DC ya kawaida kwa kawaida hutoa wastani, na hiyo ndiyo unayoitaka; ile iliyowekwa katika hali ya AC na DC kwa pamoja itakupa RMS, na mita zinazojichagulia masafa huweza kuchanganyikiwa na kurukaruka. Funga masafa kwa mkono.

Usijaribu kusaidia mita kwa kuongeza kapasita ya kuchuja. Kapasita hiyo itapandisha volteji kuelekea kilele na kuua kabisa utaratibu wa nusu mbili ambao kipimo chote kinautegemea.

Soma pia kitabu kinasema mita ya omu ngapi kwa volti. Mita ya zamani ya omu 1,000 kwa volti huvuta mkondo unaoonekana, na katika sehemu zenye ukinzani mkubwa hushusha volteji ambayo mita yako ya mega-omu 10 haiigusi.

Masafa mamoja ya mita yanakosea na mengine yako sawa. Niangalie wapi?

Chora kwenye karatasi njia ya masafa hayo peke yake. Kwa kawaida kubadilisha masafa hubadilisha shanti ya mita, au kiasi cha ishara inayopelekwa kwenye gridi, au vyote viwili. Pima AC ya ishara kati ya pini ya gridi na sehemu ya bayasi katika kila nafasi ya swichi na uilinganishe na kitabu cha modeli yako. Ishara ikiwa sahihi, hamia kwenye rezista za shanti, uzipime huku mguu mmoja umetolewa lehemu, kwani zikiwa ndani ya mzunguko utapima njia nyingine sambamba.

Bayasi inahusikaje?

Inahusika sana. Transkondaktansi ya valvu haiko sawa kila mahali; hushuka gridi inapozidi uhasi. Bayasi ikiwa pungufu ya ile iliyoandikwa kwenye jedwali, valvu dhaifu huonekana nzima. Katika TV-7 iko balbu ndogo ya aina ya 49 inayolinda njia ya bayasi, tofauti na ile ya aina ya 81 inayolinda transfoma. Kagua zote mbili na uhakikishe ni za namba hizo, kwa sababu balbu hizi ni sehemu ya mzunguko na mbadala wowote unaoingia kwenye soketi haufai.

Potenshomita ya bayasi ni ya waya, na huchakaa mwanzoni mwa mzunguko wake, ambako valvu nyingi za ishara ndogo hupimwa. Izungushe polepole huku ukisoma volteji kwenye pini ya gridi. Ikiruka au kukatika, isafishe. Ikiendelea, ibadilishe kwa yenye thamani na mkunjo (jinsi ukinzani unavyobadilika kitasa kinapozungushwa) ule ule.

Mshale unatetemeka, unaruka, au unarudi nyuma ya sifuri. Hii ni dalili ya nini?

Kutetemeka kunakobadilika unaposogeza mkono karibu na valvu ni dalili ya valvu kujiendesha yenyewe kwa masafa ya juu ya redio. Waya ndefu za ndani ya kifaa hugeuka kuwa redio ndogo, na valvu zenye transkondaktansi kubwa kama 6DJ8, ambayo Ulaya huitwa ECC88, ndizo zinazoongoza kwa tabia hii. Shanga za feraiti kwenye waya za gridi na anodi, karibu kabisa na pini za soketi, huituliza bila kugusa kipimo cha DC.

Kuruka kunakofuata mtikisiko wa valvu ni soketi iliyopanuka au pini chafu. Safisha pini kwanza, kwa sababu ni kazi ya dakika chache.

Kurudi nyuma kuna sababu tatu zinazostahili kuangaliwa: kujiendesha kulikotajwa hapo juu, ishara ya gridi iliyogeuzwa baada ya mtu kubadilisha transfoma au kuchanganya waya zake, na 83 ambayo nusu yake moja imekufa, ambayo hupeleka mshale kwa nguvu upande mmoja. Hali hii ya tatu ikitokea acha kitufe mara moja.

Usomaji unapanda polepole nikiendelea kushikilia kitufe. Je, ni kifaa au ni valvu?

Pima valvu nyingine ya aina ile ile. Ikitulia, ya kwanza ina gesi au gridi yake imepata joto na inatoa mkondo. Tumia jaribio la gesi ambalo modeli nyingi za Hickok zinalo kuthibitisha. Ikiwa kila valvu inapanda, subiri kifaa kipate joto, kisha rudia.

12AX7 mpya inasoma tofauti na jedwali la kiwanda. Kifaa kimeharibika?

Si lazima. Jedwali la kiwanda hutoa namba kwa hali maalumu: 12AX7 ina maikromho 1,600 ikiwa na volti 250 kwenye anodi na bayasi ya volti 2 hasi, lakini 1,250 tu ikiwa na volti 100 na bayasi ya volti 1 hasi. Kipima valvu chako hakitumii hali yoyote kati ya hizo. Linganisha na kitabu cha kipima valvu na uache jedwali la kiwanda kwa matumizi mengine.

Ukitaka ukweli usiotegemea kifaa hicho, jenga meza ndogo ya majaribio yenye umeme wa DC uliochujwa. Ipe 6SN7 volti 250 na bayasi ya volti 8 hasi. Mkondo wa kila nusu ya valvu hiyo, ambayo ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja, unapaswa kuwa karibu miliampea 9. Punguza uhasi kwa volti 0.5 na usome tena. Mkondo ukipanda kwa miliampea 1.3, transkondaktansi ni 1.3 kugawanya kwa 0.5, yaani miliampea 2.6 kwa volti, au maikromho 2,600, ambayo ndiyo namba ya kiwanda. Njia hii ni ya polepole, lakini hainyimi mtu usingizi.

Je, ninaweza kutumia valvu moja ya kulinganishia kurekebisha kifaa chote?

Valvu ya namna hiyo inafaa kwa ukaguzi wa mara kwa mara, ikiwa imekwisha kufanyishwa kazi kwa saa nyingi mpaka ikatulia na inatumika kwa nadra. Haifai kuwa msingi pekee wa marekebisho, kwa kuwa valvu moja hupima nafasi moja tu ya bayasi na masafa mamoja ya mita. Makosa mawili yanayopingana, kwa mfano laini iliyo juu na shanti iliyo chini, yanaweza kufutana katika nafasi hiyo na kujitokeza mara tu unapopima valvu ya aina nyingine.

Ni lini niguse rezista za marekebisho za ndani?

Baada ya kuthibitisha, kwa utaratibu huu, laini, filamenti, 83 na rektifaya nyingine ya 5Y3, volteji za anodi na skrini, bayasi, ishara ya gridi, mizani ya daraja, na mwisho mita. Kabla ya kusogeza rezista yoyote yenye ukanda wa kuteleza, pima thamani yake ya sasa, iandike, na uweke alama ya wino mahali ukanda ulipo. Legeza skrubu kabla ya kusogeza ukanda, kwa sababu ukikwaruza waya ule mwembamba utaukata, na rezista za thamani hizo hazipatikani kirahisi. Ikiwa kifaa kimefika kwako kikiwa na kanda ambazo rangi yake ya kiwandani imekwaruzwa, mtu amekwisha kukutangulia, na itakubidi urudi kwenye namba za kitabu cha modeli hatua kwa hatua kuanzia kwenye laini.